Kompyuta inayopozwa kwa maji: Namna ya kupima kama inavuja kabla hujaiwasha

Tone moja la maji likidondokea mahali pabaya linatosha kuua kadi ya grafiki. Na kadi hizi si bei ya soda: RTX 4090 ilipoingia sokoni Oktoba 2022, bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 1,599 za Marekani, kabla ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji.

Ndiyo maana anayejenga kompyuta ya kupozwa kwa maji ana hatua moja ambayo hapaswi kuiruka, hata kama wiki nzima amekuwa akisubiri kuona taa zinawaka: kupima uvujaji wakati ubao mama hauna umeme kabisa.

Hatua yenyewe si ngumu. Inahitaji subira zaidi kuliko ufundi. Shida ni kwamba wengi huifanya nusunusu, wanaona tishu imebaki kavu kwa nusu saa, wanawasha, halafu tone linakuja usiku wakiwa kwenye gemu.

Mfumo wenyewe ukoje?

Mfumo wa kujifungia mwenyewe una sehemu chache. Kuna bloku, kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa au kadi ya grafiki na kunyonya joto. Kuna pampu ya kusukuma maji, tangi la kuyahifadhi, na rejeta yenye feni ya kutoa joto nje, kama ile ya gari. Vyote huunganishwa kwa mipira laini au paipu ngumu za PETG au akriliki.

Kila mahali mpira au paipu inapoingia kuna fitingi. Nyingi hutumia uzi wa kipimo cha G1/4, na kinachozuia maji si uzi huo bali kipete kidogo cha mpira kinachoitwa oringi. Mfumo wenye bloku mbili na rejeta mbili unaweza kuwa na fitingi 12 au zaidi. Kila moja ni nafasi ya kuvuja.

Hii ni tofauti na zile kula za maji zinazouzwa zikiwa zimeshafungwa kiwandani. Hizo hazifunguliwi wala hazijazwi hewa kuzipima. Unakagua tu kwa macho na kufunga. Makala hii inahusu mfumo unaoukata na kuukaza kwa mikono yako.

Hata viwanda huvujisha

Mwaka 2004 Apple iliweka upozaji wa maji ndani ya Power Mac G5 yenye prosesa mbili za 2.5 GHz. Kampuni kubwa, wahandisi wa kutosha. Lakini baadhi ya mashine hizo zilivuja baada ya muda wa matumizi, na kulanti ikala ubao na pawa saplai iliyo chini.

Kwa hiyo kuvuja si aibu ya fundi mchanga. Ni tabia ya maji. Yanatafuta njia, na yakikosa leo yanaweza kuipata mwakani mpira ukichoka.

"Lakini kulanti yangu haipitishi umeme"

Hili ni neno la kwenye chupa, na limewaponza wengi. Maji yaliyokenekwa, yaani yasiyo na madini, kweli hupitisha umeme kidogo sana yakiwa safi. Tatizo ni kwamba ndani ya mfumo hayabaki safi. Yanapita kwenye shaba, nikeli na mabaki ya kiwandani ndani ya rejeta, yanachukua chembe zake. Yakidondoka, yanakutana na vumbi lililoko juu ya ubao. Hapo tayari yanaweza kupiga shoti.

Kwa hiyo kulanti yoyote, ya bei yoyote, ihesabu kama inapitisha umeme. Ukianza na fikra hiyo, kila kitu kingine kinakaa sawa.

Jambo jingine dogo kuhusu maji yenyewe: kwenye maduka ya vipuri vya magari, watu wakisema "maji ya betri" wanaweza kumaanisha maji yaliyokenekwa au tindikali. Soma lebo mara mbili. Tindikali kwenye bloku ya shaba ni balaa la aina nyingine kabisa.

Pima vipande kabla ya kuvifunga

Rejeta ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu huja na uchafu wa kiwandani na mara chache huja na tundu. Isuuze kwa maji ya moto yaliyokenekwa, itikise, imwage, rudia mpaka maji yatoke safi.

Kisha fanya kile anachofanya fundi wa pancha. Ziba matundu yote ya rejeta kwa vizibo, acha moja la kuingizia hewa, ijaze presha ndogo na uizamishe kwenye beseni. Viputo vikitoka, umeokoa siku yako. Ikaushe vizuri baadaye. Bloku iliyokwisha kufungwa kwenye kadi usiizamishe, bila shaka.

Halafu skrubu za feni. Hili linastahili dakika nzima. Kwenye rejeta nyingi, moja kwa moja chini ya tundu la skrubu kuna mfereji wa maji. Feni ya kawaida ina unene wa milimita 25, na skrubu za milimita 30 ndizo zinazotumika mara nyingi. Ukichukua skrubu ndefu iliyobaki kwenye droo na kuikaza kwa nguvu, inapita feni, inapita bati, inatoboa mfereji. Rejeta nzuri imekwisha, na tundu lake huwezi kuliona kwa sababu skrubu yenyewe imeliziba kwa muda.

Weka skrubu kwenye tundu kwa mkono kwanza, bila bisibisi, uone ncha inatokeza kiasi gani. Ikigusa mfereji, tafuta fupi zaidi.

Kwenye paipu ngumu, kata iliyonyooka na ncha iliyosuguliwa ndiyo kila kitu. Ncha yenye makali hukata oringi unapoisukuma ndani, na oringi iliyokatwa inaweza kushika maji kwa siku mbili kisha ikaachia. Lowesha oringi kwa tone la maji yaliyokenekwa kabla ya kusukuma, iteleze badala ya kukwaruzwa.

Kukaza nako kuna kipimo. Fitingi za G1/4 kwa kawaida hukazwa kwa mkono, labda na mguso mdogo wa spana mwishoni. Ukitumia nguvu za kukazia nati za gurudumu, akriliki inapasuka au oringi inabanwa mpaka inatoka kwenye mfereji wake. Uvujaji mwingi hutokana na fitingi iliyokazwa mno, siyo iliyolegea tu.

Hewa kwanza, maji baadaye

Zamani wajenzi walikwenda moja kwa moja kwenye maji. Walitandika tishu, wakawasha pampu, wakakaa wakiomba. Siku hizi kuna kifaa rahisi: pampu ndogo ya mkono yenye geji, inayofungwa kwenye tundu moja la mfumo. Kampuni kadhaa za vifaa vya upozaji huviuza, Aqua Computer ya Ujerumani wao huita chao Dr. Drop. Ukilinganisha na gharama ya kompyuta nzima, bei yake ni ndogo, na ndicho kifaa cha kwanza ambacho mjenzi angepaswa kununua. Kabla ya taa za rangi, kwa kweli.

Wazo ni hili. Hewa hupenya kwenye tundu dogo kwa urahisi kuliko maji. Kama mfumo mkavu unashika hewa yenye presha, basi karibu hakika utashika maji. Na kama haushiki, umejua hilo bila tone hata moja kugusa chochote.

Kabla hujaanza, jaribu kifaa chenyewe. Kizibe mwishoni, kijaze, kiache dakika kumi. Geji zenyewe huvuja wakati mwingine, na unaweza kupoteza jioni nzima ukifungua fitingi zisizo na kosa.

Kisha kagua mfumo: kila tundu lisilotumika lina kizibo? Valvu ya kumwagia maji imefungwa? Baadhi ya matangi yana kifuniko chenye utando wa kusawazisha hewa. Hicho hakitashika presha kamwe, kiondoe uweke kizibo cha kawaida kwa muda wa kipimo.

Jaza hewa polepole hadi karibu nusu bar, ambayo ni kama psi 7. Kwa nini hapo? Pampu maarufu ya aina ya D5 ina uwezo wa kusukuma maji hadi kimo cha takribani mita 4, sawa na bar 0.4 hivi. Kwa hiyo nusu bar inazidi kidogo nguvu ambayo mfumo utakutana nayo kazini, lakini haifiki mahali pa kupasua tangi. Soma karatasi ya tangi na bloku zako. Kama mtengenezaji ametaja kiwango cha chini zaidi, fuata chake.

Na tafadhali, usipeleke kompyuta kwa mtu wa kujaza upepo. Tairi la gari dogo huwa na psi 30 hadi 35, na kompresa yenyewe ina presha zaidi ya hapo. Tangi la akriliki au kioo likipasuka kwa hewa linarusha vipande. Hiyo ndiyo hatari pekee katika kazi hii inayoweza kukuumiza wewe badala ya kompyuta.

Wapo wanaojitengenezea kifaa kwa pampu ya baiskeli, valvu na geji. Inafanya kazi, mradi geji iwe ya presha ndogo. Geji ya tairi inayosoma hadi psi 100 haiwezi kukuonyesha mabadiliko ya nusu psi, na hayo ndiyo unayoyatafuta.

Kusoma mshale

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Umejaza nusu bar, baada ya dakika mbili mshale umeshuka kidogo. Je, inavuja?

Si lazima. Mipira laini hutanuka kidogo ikijazwa hewa, na ikitanuka presha inashuka. Oringi nazo hukaa mahali pake. Subiri dakika chache, ongeza hewa irudi nusu bar, ndipo uanze kuhesabu muda.

Joto la chumba nalo linacheza na mshale. Hewa iliyofungiwa ikipoa, presha yake hupungua. Ukianza kipimo chumba kikiwa na nyuzi joto 30 kisha ukawasha kiyoyozi hadi 25, geji itashuka kwa karibu bar 0.02 bila kuwepo tundu lolote. Hapohapo, jua likipiga kwenye kasha mshale unaweza kupanda na kuficha uvujaji mdogo. Chagua mahali pasipo na jua, zima kiyoyozi au kiache kilivyo, na usiguseguse.

Mfumo mzuri, baada ya kutulia, hauonyeshi mabadiliko ya kuonekana kwa dakika 15 hadi 30. Kama una tangi kubwa, kaa kwenye 30 au zaidi. Hewa ikiwa nyingi, uvujaji uleule huchukua muda mrefu kuonekana kwenye geji.

Mshale unaoshuka bila kusimama ni habari tofauti. Hata ukishuka taratibu. Huo ni uvujaji, na hakuna kujidanganya kwamba "maji hayatapita hapo".

Kuutafuta, gawa mfumo. Ondoa mpira katikati, ziba pande mbili, pima nusu moja. Ikishika, tatizo liko nusu ya pili, igawe tena. Kwa mizunguko mitatu au minne utakuwa umefika kwenye fitingi yenyewe. Njia hii ni ya haraka kuliko kukaza kila kitu kwa kubahatisha, ambako mara nyingi huzaa uvujaji mpya. Maji ya sabuni nayo husaidia kuonyesha viputo, ila yatumie kwenye vipande vilivyo nje ya kasha tu.

Ukiipata, fungua na utazame oringi. Ipo? Imebanwa upande mmoja? Ina unywele au mchanga? Mara nyingi jibu ni mojawapo ya hayo matatu, na dawa yake ni oringi mpya.

Pampu tu ndiyo ipate umeme

Hewa imeshika, sasa ni zamu ya maji. Hii ndiyo sehemu ambayo ikifanywa vibaya inaunguza, kwa hiyo nenda taratibu.

Lengo ni kuzungusha maji bila kifaa kingine chochote kuwa na umeme. Kuzima kompyuta kwa kitufe hakutoshi. Pawa saplai ikiwa imechomekwa ukutani na swichi yake ya nyuma iko juu, inaendelea kupeleka volti 5 za akiba kwenye ubao mama hata kama kompyuta inaonekana imelala. Maji yakifika hapo, umeme upo.

Zima pawa saplai, kisha chomoa waya mkubwa wa pini 24 kwenye ubao mama. Chomoa waya wa pini 8 wa prosesa. Chomoa nyaya zote za kadi ya grafiki, za diski na za feni. Abaki mmoja tu: pampu.

Kwa kuwa ubao mama hauko tena kuiambia pawa saplai iwake, lazima uidanganye. Kwenye kile kichwa cha pini 24, waya wa kijani ndio wa amri ya kuwasha. Ukiunganishwa na waya mweusi wowote, pawa saplai inawaka. Wajenzi wa zamani hutumia kibanio cha karatasi kilichokunjwa. Inafanya kazi, ila kuna kiunganishi maalumu kinachochomekwa kwenye kichwa chote bila kubahatisha, na baadhi ya pawa saplai huja nacho kwenye boksi. Kitumie hicho. Pawa saplai nyingi mpya zina nyaya nyeusi tupu, na kuhesabu pini kwa kukisia hapo ni kutafuta matatizo.

Fanya kazi hiyo swichi ya nyuma ikiwa imezimwa. Usishangae pia feni ya pawa saplai isipozunguka; nyingi hukaa kimya mpaka zipate joto.

Tandika tishu nyeupe chini ya kila fitingi, juu ya kadi ya grafiki na kwenye sakafu ya kasha. Nyeupe, kwa sababu kulanti ya rangi huonekana mara moja. Kama unatumia maji yasiyo na rangi, kunja tishu ziwe nyembamba na uziguse kwa kidole. Unyevu mdogo hausikiki kwenye tishu nene.

Sasa jaza tangi. Washa pampu kwa sekunde chache, maji yatashuka. Zima, jaza tena, washa. Endelea hivyo. Pampu hizi hulainishwa na maji yenyewe, kwa hiyo ikizunguka kavu inajila. Hata kama mkono unawasha kutaka kumaliza, tangi lisikauke.

Maji yakishazunguka bila kukatika, inua kasha upande huu na ule taratibu, hewa iliyonasa kwenye rejeta itoke. Utasikia sauti ya kugugumia. Ni kawaida, itapungua.

Saa ngapi?

Wajenzi wengi hushika saa 24. Hakuna uchawi kwenye namba hiyo. Inakupa tu muda wa kuona vitu vinavyojitokeza polepole, kama oringi inayolowa na kutiririsha tone moja kwa saa sita.

Aliyeruka kipimo cha hewa asijadiliane: saa 24 kamili, na asiache pampu peke yake saa za mwanzo. Aliyepima hewa vizuri anaweza kuridhika na saa kadhaa za maji, ila usiku mzima haugharimu kitu. Umeme ukikatika katikati, hakuna kilichoharibika. Ukirudi, hakikisha tangi lina maji na uendelee.

Kagua mara nyingi saa ya kwanza, halafu kila baada ya saa chache. Tumia tochi ya simu. Pitisha kidole chini ya kila fitingi, siyo juu, kwa sababu tone hukusanyika chini. Usisahau nyuma ya tangi na sehemu ya kuunganisha kwenye bloku ya kadi ya grafiki, pale ambapo macho hayafiki. Tishu iliyobandikwa hapo kwa utepe itakusemea.

Weka pia alama ya utepe kwenye usawa wa maji ndani ya tangi. Siku ya kwanza utashuka kidogo kwa sababu hewa inatoka kwenye rejeta na maji yanaingia nafasi yake. Hilo lisikutishe. Usawa ukishatulia kisha ukaanza kushuka tena, hilo ndilo la kutisha.

Hilo tone ni jasho?

Kwa walioko pwani, Dar, Mombasa au Zanzibar, swali hili huja mapema. Chupa ya maji baridi ikitolewa kwenye friji hutoka jasho, kwa nini paipu isitoke?

Kwa sababu maji ya kwenye kompyuta si baridi. Rejeta hutupa joto kwenye hewa ya chumba, kwa hiyo haiwezi kuyafanya maji yawe baridi kuliko hewa hiyo. Yanabaki sawa na chumba au juu yake, na kitu chenye joto la chumba hakitoi jasho. Pengine utaona ukungu kwa dakika chache ukiitoa kompyuta kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali kwenda barazani, basi.

Zaidi ya hapo, tone kwenye fitingi ni uvujaji. Lifute, subiri, angalia kama linarudi.

Kuwasha mara ya kwanza

Tishu zote kavu? Toa tishu, zima pawa saplai, ondoa kiunganishi, rudisha nyaya zote. Kabla ya kurudisha, angalia kama kuna maji uliyomwaga wakati wa kujaza, hasa kwenye sloti za kadi. Kama yapo, ngoja yakauke. Kuna watu waliopita vipimo vyote na kuunguza ubao kwa matone ya faneli.

Washa, ingia kwenye mipangilio ya ubao mama na uhakikishe pampu inasomeka kuwa inazunguka. Kisha ipe kazi nzito kwa nusu saa hadi saa moja, huku kasha likiwa wazi. Joto hulainisha mipira na kutanua vifaa, kwa hiyo fitingi iliyokuwa kavu kwenye maji ya baridi inaweza kutoa unyevu yakipata moto.

Angalia joto la maji pia kama una kihisi. Pampu za D5 zina kikomo cha nyuzi 60, na watengenezaji wengi wa paipu za PETG hawataki zifike hapo kwa sababu huanza kulainika na kuteleza kutoka kwenye fitingi. Mfumo uliopita vipimo vyote unaweza kuvuja mchana wa Januari kwa sababu tu pampu ilisimama na maji yakachemka polepole. Kwenye programu ya ubao mama, weka amri ya kuzima kompyuta pampu ikisimama au joto likipita kiasi. Ni dakika tano za kazi.

Kila unapofungua fitingi baadaye, hata moja, kipimo cha hewa kinarudi. Na kwa kuwa mfumo utakuwa na maji, itabidi uyamwage kwanza, ndiyo maana valvu ya kumwagia iliyowekwa sehemu ya chini kabisa ni rafiki wa kweli.

Ikivuja umeme ukiwa umewashwa

Usifute kwanza. Kata umeme kwanza, ukutani au swichi ya nyuma ya pawa saplai. Kitufe cha mbele hakihesabiki.

Mwaga maji kwenye mfumo, toa kadi ya grafiki, toa betri ndogo ya ubao mama, kwa sababu nayo ina volti 3 zinazoendelea kula shaba iliyolowa. Nyonya maji kwa tishu kwa kugandamiza. Kusugua huyasukuma chini ya chipu. Suuza sehemu iliyolowa kulanti kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ili rangi na dawa zisibaki zikikauka kuwa utando.

Acha vikauke siku mbili mbele ya feni, na bamba la nyuma la kadi liondolewe, kwa sababu maji hupenda kulala kati yake na ubao. Dryer ya nywele yenye moto mkali haifai, na mchele haufanyi lolote. Ubaki wa pilau.

Baadaye kagua kwa tochi kama kuna utando mweupe au kijani kwenye miguu ya vipuri. Ukiuona, suuza tena kabla ya kuwasha. Vifaa vingi vilivyolowa vikiwa vimekatiwa umeme haraka hurudi salama. Unapovijaribu, anza na ubao mama peke yake, kisha ongeza kadi ya grafiki mwisho.